Rekodi ya Mzee Kanti na Ukurasa wa Langalanga

Marahaba. Najua hamjanisalimia, ila nimeona niitikie mapema, maana nikisubiri shikamoo ya kijana mwenye simu mbili mkononi nitaingia kaburini sijajibu.

Mabosi wenu wapya wameniomba niwaandikie ninyi vijana wa dawati la michezo mambo mawili matatu ya kazi. Wamesema yawe mafupi, kwa sababu eti siku hizi hamsomi. Mimi nimesema nitaandika nitakavyo, asiyesoma shauri yake. Nimestaafu mwaka huu. Kwenye gazeti hili, ambalo sasa mnaliita jukwaa, nimekaa karibu miaka thelathini, na ishirini na kitu kati ya hiyo nimeitumia kwenye ukurasa wa langalanga. Ndiyo, yale magari ya mbio yasiyo na paa, magurudumu yote nje, dereva kalala chali kama anasubiri kupimwa presha.

Jina langu Zainabu, mzaliwa wa Mtaa wa Sikukuu, hapa hapa Kariakoo, na katika maisha yangu yote sijawahi kuliona gari la langalanga kwa macho yangu. La karibu zaidi nililowahi kulishika lilikuwa la plastiki, Mchikichini, limejificha kwenye marobota ya nguo za watoto, na lilikuwa na magurudumu matatu. Lakini niulize nani aliongoza mizunguko mingi msimu gani, nitakujibu huku nachambua mchele. Basi ninyi mnaosema bila kwenda uwanjani hamwezi kuandika, hebu kaeni kitako.

Ofisi ilikuwa Mtaa wa Lumumba, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama viwanja vya Mnazi Mmoja. Lifti ilikuwepo. Kazi yake ilikuwa kutunza ndoo za mfagizi. Gazeti lilikuwa na kurasa kumi na sita. Kumi na tatu zilikuwa za zile timu mbili ambazo sina haja ya kuzitaja, mbili matangazo ya waganga, na moja langalanga. Wanaume wa dawati walikuwa wanagombania mpira kama nyama ya shughuli. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Siku moja Mzee Kanti akatoka kwenye kona yake, akasema anataka mtu mmoja wa kumsaidia, awe anajua kujumlisha na kutoa. Wanaume wote wakainama kufunga kamba za viatu, na nusu yao walikuwa wamevaa kandambili. Nikabaki mimi nimesimama wima.

Mzee Kanti alikuwa Mhindu wa Kisutu, kazaliwa Kisutu, kalelewa Kisutu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kiasi kwamba akikusema vibaya ulikuwa unatamani akurudie polepole ufaidi. Jina kamili Kantilal, lakini hakuna aliyekuwa na muda huo. Mwembamba, shati jeupe la mikono mifupi, mfukoni penseli mbili na kalamu moja ya wino. Mbele yake palikuwa na daftari kubwa la mistari, kaliandika tangu ujana wake, kila mbio za kila msimu zimo. Wengine waliweka picha za wake zao mezani. Yeye aliweka daftari, na mkewe alikuwa analijua hilo.

Somo la kwanza alilonipa lilikuwa la penseli. Akanionyesha kwamba matokeo ya Jumapili yanaandikwa kwa penseli, na wino haugusi karatasi mpaka wasimamizi wa mbio watoe karatasi yao iliyosainiwa. Nikamuuliza kwa nini, mtu si kamaliza wa kwanza, tumemwona wote kwenye televisheni, kapigiwa bendera. Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini tunavaa nguo. Akasema kwenye langalanga kuvuka mstari si kumaliza. Ukivuka mstari unaenda kupimwa. Gari linapandishwa mzani, na dereva naye anapandishwa. Chini ya gari kuna ubao, nao unapimwa unene: ulikuwa milimita kumi, ukilika ukapungua chini ya tisa, ushindi wako umeenda na maji. Halafu wananyonya mafuta kwenye tangi. Lazima ibaki angalau lita moja ya kupima. Huna lita moja, huna ushindi.

Niliyapeleka hayo mtaa wa Gerezani kwa Mangi Shirima, muuza vipuri, msomaji wetu namba moja. Namwita namba moja kwa sababu walikuwa sita. Alikuwa Mchaga wa Marangu, na duka lake lilikuwa na televisheni inayoonyesha mbio kila Jumapili, mafundi wa mtaa mzima wamekaa juu ya maboksi ya bearing. Shirima aliposikia habari ya ubao alikataa katakata. Gari la thamani ile liwe na ubao chini, kama mbuzi ya kukunia nazi? Na habari ya lita moja ndiyo iliwamaliza kabisa. Fundi mmoja akasema kwa sheria hiyo Kariakoo nzima ingekuwa imeshafungiwa, maana hapa mtu anaendesha na taa ya mafuta inawaka tangu Ijumaa, na anaiona ni pambo.

Kwa hiyo kwenye gazeti, ambako penseli haichapiki, Mzee Kanti alikuwa na maneno mawili badala yake. Kila Jumatatu, chini ya kichwa cha habari, iliandikwa matokeo “ya awali”. Jumanne, karatasi ya wasimamizi ikishafika, tunaandika tena bila hayo maneno. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo ukurasa wake haukuwahi kuomba radhi hata mara moja. Hebu fikirieni. Kurasa za mpira ziliomba radhi kila wiki, mpaka tukawa na kisanduku cha kudumu, tunabadilisha jina la mchezaji tu. Wa Mzee Kanti haukuwahi. Madereva walikuwa na rekodi zao za ushindi na yeye alikuwa na hiyo yake, na nawaambia ukweli, aliipenda kuliko zote zilizomo kwenye daftari. Mtu akimsifu sura yake haibadiliki. Mtu akitaja miaka bila kuomba radhi, anaanza kufuta miwani.

Msidhani mimi nilizaliwa najua. Mwaka wangu wa kwanza nilitangaza saa ya mbio, saa tisa alasiri, nikaenda zangu. Kumbe huko kwa wenzetu wana mtindo wa kuchezea saa. Mwaka ukifika mahali fulani wanazisogeza mbele, baadaye wanazirudisha nyuma, na hawaombi ruhusa kwa mtu. Wiki ile walikuwa wamezirudisha. Mafundi wakafunga kazi mapema, wakabanana dukani kwa Shirima saa tisa kamili, wakaangalia matangazo ya sabuni saa nzima. Jumatatu Shirima alipanda ngazi zetu mpaka ghorofa ya tatu, mtu mwenye tumbo lile, kuja kunieleza anavyojisikia. Mzee Kanti hakunitetea hata kidogo. Alimpa Shirima kiti na chai, akamwambia binti amekosea, ongea naye, halafu akarudi kwenye daftari lake. Ninyi leo simu inawabadilishia saa yenyewe, na bado mnachelewa kazini.

Na hili la rekodi, jamani, naomba niliseme maana linanikera mpaka kwenye mifupa. Kila wiki mnaandika kijana fulani “kavunja rekodi ya pointi”. Zamani mshindi wa mbio alipewa pointi tisa. Ikaja kuwa kumi. Sasa ni ishirini na tano. Zamani msimu ulikuwa mbio kumi na sita, sasa ishirini na nne, na juu yake wameongeza na vimbio vifupi vya Jumamosi vyenye pointi zake. Halafu mnashangaa kijana kampita babu. Ni sawa na kujisifu umenunua sukari ya hela nyingi kuliko bibi yako. Mzee Kanti alinifundisha: ukitaka kumlinganisha dereva wa jana na wa leo, acha pointi, chukua mbio alizoshinda, gawanya kwa mbio alizoanza. Tena kulikuwa na miaka ambayo hawakuhesabu mbio zote, walichukua zile bora tu, mbaya zinatupwa. Ingekuwa sheria ya ndoa hiyo, wengi wenu mngekuwa mabingwa.

Na msiandike jina la leo la timu juu ya ushindi wa zamani. Timu zinauzwa. Gereji ni ile ile, mafundi ni wale wale, asubuhi kibao kimebadilishwa. Mtu wa Kariakoo hahitaji kufundishwa hilo. Duka hilo hilo mwaka jana lilikuwa la vyombo, mwaka huu la wigi, na muuzaji ni yule yule. Andika jina lililokuwepo siku hiyo, kwenye mabano weka wanavyoitwa sasa, basi.

Haya. Sasa nije kwenye lile ambalo mabosi wenu hawakuniomba.

Ni miaka kumi na saba iliyopita. Mzee Kanti alikuwa anamaliza mkataba wake. Macho yalikuwa yameanza kuota ukungu, namba sita na nane zilikuwa zinamchezea. Mhariri Mkuu alikuwa ameshaandaa kumuaga siku ya Ijumaa, pilau limeshaagizwa, na kuna cheti kimeshachapwa, kizuri, cha rangi, kimeandikwa: miaka ishirini na miwili bila kosa. Mzee alikuwa amekiona kwa bahati mbaya kwenye meza ya mchoraji. Alijifanya hajakiona. Alifuta miwani siku hiyo mpaka nikaogopa vioo vitatoboka.

Kabla ya Ijumaa hiyo kulikuwa na Jumapili ya mbio za mwisho za msimu, na ubingwa ulikuwa haujapata mwenyewe. Walikuwa wamebaki wawili, mmoja wa gari la bluu na mmoja wa gari la kijani. Majina siwatajii, wenyewe hawanijui. Wa kijani alikuwa anaongoza. Lakini wa bluu akishinda, na wa kijani akiwa wa sita, wanalingana pointi sawasawa. Gerezani waliniuliza kama hapo zinapigwa penalti. Nikawaambia hapana, wakilingana anaangaliwa nani kashinda mbio nyingi msimu huo, na huyo ni wa bluu.

Jumapili hiyo ikaangukia Diwali. Mzee Kanti hakuwahi kukosa ukurasa, lakini mkewe alimwambia kama mwaka huu pia ataiacha familia hekaluni akakae na daftari, basi akalioe hilo daftari rasmi. Akaniachia mimi. Ukurasa ulibaki na jina lake na ile picha yake ndogo ya nywele nyeusi, lakini kazi yote yangu. Akaniambia mambo mengi siku hiyo, ila la mwisho akiwa mlangoni lilikuwa: “Ya awali, binti. Hata kama ni malaika kashinda.”

Mbio zilikwisha kwenye saa kumi na moja jioni. Wa bluu akashinda. Wa kijani akawa wa sita. Yaani ilivyoandikwa ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa peke yangu kwenye chumba na kompyuta yangu, na kwa kuwa wiki ile ligi ilikuwa mapumziko, Mhariri alikuwa amenipa ukurasa wa nyuma mzima, wa rangi. Langalanga kwenye ukurasa wa rangi. Miaka sita nilikuwa napewa nyeusi na nyeupe pembeni ya mganga wa nguvu za kiume. Nikaweka picha ya gari la bluu, kubwa. Nikaweka kichwa, BINGWA, herufi za kumvunja mtu shingo. Na chini yake, matokeo ya awali.

Nikaliangalia. Vijana, mmewahi kuona bibi harusi kapambwa, halafu mtu kambandika kifuani karatasi ya “huenda”? Ndivyo nilivyoona mimi. Nikasema na nafsi yangu, hawa wote wamepimwa msimu mzima, leo ndiyo wakute kasoro? Nikasema pia, na hili ndilo la kweli zaidi, Mzee ni mwoga, na ukurasa huu ni wa kwanza wangu, nataka upendeze. Nikayafuta yale maneno mawili. Ningependa sana kuwaambia umeme ulikatika, au mtandao ulikuwa chini. Siku zote ulikatika. Siku hiyo umeme ulikuwepo, mwingi, bila sababu. Saa moja ukurasa ukaenda mtamboni, mabasi ya mikoani yakausubiri, na mimi nikaenda nyumbani kula wali.

Karatasi ya wasimamizi ilitoka haijafika saa mbili. Gari la bluu lilikutwa halina lita moja. Lilipungukiwa kidogo tu. Ushindi ukafutwa, pointi zote za siku hiyo zikafutwa, na ubingwa ukaenda kwa wa kijani.

Magazeti mengine yote ya mji huu yalikuwa salama, kwa sababu hayakuandika chochote. Hayakujua hata kama kulikuwa na mbio. Ni sisi peke yetu Bongo nzima tuliojua, tuliopenda, tuliotoa ukurasa wa rangi, na ni sisi tuliokosea. Saa mbili asubuhi Jumatatu ukurasa wangu ulikuwa umebandikwa kwenye milango ya maduka Gerezani. Mafundi waliuongezea kwa kalamu chupa ya maji ya lita moja, imechorwa vizuri kabisa, kwa upendo. Na watu hawakusema Zainabu kakosea. Hawakunijua. Walisema Mzee Kanti kaisha.

Mhariri alituita wote wawili. Mzee alikuja na nguo zake mpya za sikukuu, kanzu fupi ya rangi ya maziwa, kwenye paji la uso bado ana alama nyekundu kutoka hekaluni. Mezani kulikuwa na gazeti, na kando yake cheti. Mhariri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamriwa na mwenye gazeti apunguze watu kabla ya mwaka kwisha, na wa mikataba ya mwezi mwezi ndio walikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa wa mwezi mwezi. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka juzi yake, na nyumbani kulikuwa na watoto watatu wanaojua kula. Mzee Kanti alijua yote hayo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsimulia, siku mbio zikiwa ndefu.

Mhariri akauliza maneno ya awali yamekwenda wapi, nani kayatoa. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

“Mimi,” akasema Mzee Kanti. “Nilipiga simu jioni. Nikamwambia binti atoe.”

Mhariri akamuuliza kama ana uhakika. Mzee akasema uhakika anao, sikukuu ilimlevya, na asilaumiwe mtu mwingine. Mimi mdomo wangu, ambao mtaa mzima wa Sikukuu unaujua, niliufunga polepole kama mlango wa mgonjwa.

Jumanne tukaomba radhi, kisanduku kidogo, jina lake. Yeye ndiye aliyekiandika, na alikisoma mara mbili kuhakikisha hakina kosa. Ijumaa pilau lililiwa. Cheti kilichapwa upya, kimeandikwa “kwa utumishi wake”, kama anavyopewa yeyote aliyekaa mahali bila kufukuzwa. Akashukuru, akakutanisha viganja kifuani, akanikabidhi daftari mbele ya watu wote, akaenda Kisutu. Mimi nikala pilau. Nilirudia sahani.

Mwaka uliofuata nikaajiriwa moja kwa moja, na jina langu likakaa pale juu lilipokuwa lake. Mnasoma vyeti vyangu kwenye ukuta wa chumba cha mikutano? Someni.

Msidhani tuliachana. Kila Jumatatu kwenye saa nne asubuhi alinipigia simu. Mkewe alimsomea ukurasa, macho yalikuwa hayafai tena, kisha yeye anapiga. Tunabishana juu ya adhabu, juu ya tairi, juu ya huyo mtoto mpya anayeendesha kama kaiba gari. Nilikuwa nazisubiri simu hizo, na nilikuwa naziogopa. Maana mwisho wake ulikuwa ule ule. Anauliza: “Kuna lingine, binti?”

Nami najibu: “Hakuna, Mzee.”

Miaka kumi na mitano. Kila Jumapili usiku nikilala najiambia kesho nitasema. Kisha asubuhi naona watoto, naona ada, naona cheo, naona aibu. Watoto walipomaliza shule na ada zikaisha, ikabaki aibu tupu, nayo ilikuwa imenenepa. Nilikuwa nakwepa hata kupita Kisutu. Nazunguka na jua lote hilo la Mnazi Mmoja, mtu mzima, ili nisikutane na mzee asiyeona.

Akafariki miaka miwili iliyopita. Nilienda, nikakaa na kina mama, nikalia kuliko wafiwa, watu wakaanza kuniliwaza mimi. Mjukuu mmoja akasimama akasimulia maisha ya babu yake, akasema alifanya kazi miaka ishirini na miwili akakosea mara moja tu, siku ya mwisho. Watu wakacheka kwa upole, wakasema nani asiyekosea. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Sikusema kitu. Kwa hiyo mkinihesabia, nimemwibia mara mbili, na ya pili hata hakuwepo kujitetea.

Nilipostaafu nikajiona sasa sina cha kupoteza, ushujaa wa namna hiyo ni rahisi sana. Wiki mbili zilizopita nikavaa, nikaenda Mtaa wa Uhuru kwenye duka la vitambaa la binti yake, Hansa. Ni mtu mzima sasa, ana wajukuu. Mama yake, yaani mke wa Mzee Kanti, alikuwa kakaa nyuma ya kaunta kwenye kiti cha plastiki, kazeeka kabisa, masikio yameanza kugoma. Nikasalimia. Hansa akasema chagua kitambaa Da Zaina, nitakupunguzia. Nikasema sijaja kununua.

Nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanikimbia. Nikasema yale maneno mawili nilitoa mimi, baba yako hakupiga simu yoyote siku ile, na nilikaa kimya. Nikasema naomba mnisamehe.

Hansa hakushtuka. Aliendelea kukunja kitambaa mpaka kikaisha, akakirudisha kwenye rafu.

“Tunajua,” akasema. “Alituambia jioni ile ile alipotoka kwa Mhariri. Akatukataza tusikuulize, akasema Zaina atasema mwenyewe.”

Nikamuuliza, miaka yote hiyo?

Akaniambia kila Jumatatu baba yake akikata simu, mama yake alikuwa anamuuliza neno moja tu, amesema? Naye anajibu, bado. Kila Jumatatu. Hata Jumatatu ile ya mwisho, akiwa kitandani, sauti imekuwa ndogo, aliomba apigiwe simu. Nami naikumbuka simu hiyo. Tulizungumzia mvua iliyosimamisha mbio, nikamwambia pointi zitatolewa pungufu, akacheka. Kisha akaniuliza.

Bibi kizee alikuwa ananiangalia muda wote huo. Akamvuta Hansa upindo wa sari, akamuuliza kitu. Hansa akainama sikioni kwake, akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, ili nami nisikie: “Amesema, mama.”

Yule bibi akanitazama kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye ushungi, bila haraka yoyote.

“Kumbe ulimi anao,” akasema.

Hansa akaniletea kiti, akanikalisha karibu na mama yake, nikalia pale mpaka wateja wakaanza kuuliza bei kwa kunong’ona.